Aliyekuja Bila Jina la Mama

Malalamiko ya kwanza yalimchekesha Zuleha. Mama mmoja wa Kihonda alipiga simu ofisini kusema kwamba mumewe, Hamza, ameombewa mgongo na mgongo umepona, lakini tangu juzi anamwita yeye mama.

"Si wanaume wengi tu wanawaita wake zao mama?" Zuleha alimtania.

"Mama Fulani, sawa. Huyu ananiita mama yake mzazi, dada yangu. Ananishika kanga, ananifuata mpaka mlango wa choo."

Zuleha akaahidi kumfikishia mjomba wake habari, akakata simu, akaendelea kutafuna karanga zake.

Mjomba mwenyewe ni Mwinjuma, mtoa majini wa Kinole, ambaye sifa zake zimeshuka kutoka mlimani mpaka mjini siku nyingi. Zamani wagonjwa walimpandia huko huko, wengine wakibebwa kwenye machela. Zuleha aliposoma kompyuta na kukosa ajira, kama wenzake wengi, alimtengenezea mjomba wake huduma ya mtandaoni. Mgonjwa popote alipo anaandika jina lake, jina la mama yake na shida yake, maana kwa watabibu wa aina hii jina la baba si ushahidi. Ombi linapokelewa na kompyuta ya mjini Morogoro, katika ofisi ya Zuleha juu ya duka la Noordin, nayo inalipeleka kwenye kompyuta ya Kinole. Huko Mjomba hukaa mkekani baada ya swala ya alasiri, chetezo cha ubani pembeni, akayasoma maombi kwenye kioo kimoja baada ya kingine na kuamuru kilichomo kitoke, mgonjwa akimsikiliza kwenye simu yake kupitia kompyuta hiyo hiyo. Ana sharti moja alilolirithi kwa mjomba wake: maneno ya mgonjwa hayarukwi wala hayasahihishwi. Yanasomwa kwa sauti kama yalivyoletwa, yote.

Kesho yake mama wa Kihonda alimleta Hamza ofisini, mchana kweupe. Hamza alikuwa pande la mtu, mpakiaji wa ndizi sokoni, na alipoingia alikaa sakafuni, akakunja miguu kama mtoto anayesubiri uji. Chumba kikajaa harufu ya udongo uliolowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Kaka Hamza, unajisikiaje?" Zuleha aliuliza.

"Hamza alikuwa anapita," alijibu, kwa sauti ndogo mno kwa kifua kile. "Nikapanda mgongoni kwake. Mlangoni walihesabu mtu mmoja."

Mkewe akaanza kulia kimyakimya, kanga mdomoni.

"Huyu mama ananikimbia," ile sauti iliendelea. Kisha macho yakamgeukia Zuleha, yakamtazama tumboni, yakatulia hapo. "Wewe hujabeba. Kwenu kuna aliyebeba?"

Zuleha akarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa mdogo wake Pili, aliyeolewa Turiani, alikuwa na mimba ya miezi saba baada ya mbili kuharibika, na habari hiyo ilikuwa ya ukoo tu, haisemwi hata kwa majirani. Hamza akakohoa mara moja, kikohozi kikavu, akajishika kichwa na kuomba maji kwa sauti yake nzito ya siku zote. Wakati huo huo, kwenye kompyuta ya mjini, ombi jipya likaingia na kupita. Lilikuwa halina namba ya simu iliyolituma.

Walipoondoka, Zuleha alimpigia Mjomba, akamsimulia yote kwa kunong'ona.

"Mpwa wangu, jini hilo nalijua," Mjomba alisema. "Nililitoa kwa binti mmoja kabla ya mfungo. Nikaliamuru lirudi kwa mama yake. Likaniambia halina mama, nilitafutie. Nikalicheka."

"Sasa linaingiaje kwa watu?"

"Mlango ni wako, wewe ndiye unayeujua. Mimi nasoma kilicholetwa."

Zuleha akarudi kwenye kompyuta, na alichokiona kilimtia aibu. Kila ombi hutaja urefu wake mwanzoni, yaani lina herufi ngapi, na pia huweza kuwekewa alama ya mwisho. Kompyuta ya mjini ilifuata urefu. Ya Kinole ilifuata alama. Ombi likija na vyote viwili, visivyopatana, ya mjini hulipitisha kama ombi moja, ya Kinole huishia katikati, na kipande kinachobaki hakitupwi. Hukaa kimya mlangoni, kwa sababu njia kati ya kompyuta hizo haifungwi, na ombi la mtu mwingine likija hugandamana nalo kichwani, yakasomwa pamoja kana kwamba ameandika mtu mmoja. Waliotengeneza programu ile walikuwa wameshatoa toleo la kuziba tundu hilo, lakini kuliweka kulitaka huduma isimame siku nzima, na Mjomba alikataa.

Sasa hakumuuliza mtu. Alizuia maombi yote. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha pale Pili alipopiga.

"Dada, tumbo linaniuma. Nimeona damu."

"Hospitali umekwenda?"

"Ndiyo natoka. Nesi kasema nilale, nisinyanyue hata ndoo. Lakini hata zile mbili walisema nilale." Alikuwa akihema. "Namwandikia Mjomba, mbona inakataa?"

"Nimefunga. Subiri kesho, mdogo wangu."

"Kesho nitakuwa na nini tumboni?"

Moyo ulimuuma Zuleha. Mjomba akishakaa mkekani hagusi simu, husoma kioo tu. Akafikiri haraka. Jini huja kwa kujificha nyuma ya mtu, basi mtu akipita peke yake, barabara nzima tupu, nani atampanda? Akaacha wengine wote wamefungiwa, akaifungulia simu moja tu, ya Pili.

"Andika sasa. Hakuna aliye mbele yako wala nyuma yako."

Ombi likapita. Zuleha akashusha pumzi, akalegea kitini. Ni hapo tu, akiwa ametulia, alipolifungua lile ombi lisilo na namba, lililoingia Hamza alipokohoa. Urefu ulitajwa juu. Alama ya mwisho ilikuwa katikati. Nusu yake ya pili haikuwa barabarani ikitafuta wa kumpanda. Ilikuwa imeshafika Kinole tangu mchana, imekaa mlangoni kwa Mjomba, inamsubiri yeyote atakayefuata, na wa kufuata alikuwa mmoja tu, kwa sababu yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa amewazuia watu wote wa Morogoro ili mdogo wake apite. Angeikata ile njia kwanza, hata kwa kuchomoa waya, kipande kile kingepotea.

Akapiga Kinole. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga Turiani.

"Pili! Mjomba ameshakusomea?"

"Ameshamaliza, dada." Sauti ilikuwa laini, ya mtu anayeelekea usingizini. "Maumivu yameisha kabisa. Damu imekata."

"Alisoma nini kabla ya jina lako?"

"Alianza na maneno mengine, nikajua ni dua zake. 'Nimefika, sina mama, mama yangu ni.' Halafu akanitaja mimi."

Zuleha akaziba mdomo kwa kiganja. Kwenye simu alimsikia mdogo wake akinong'ona, pole pole, mbali kidogo na simu, "Nipo, mwanangu, nipo."

"Pili, unaongea na nani?"

"Na huyu humu ndani." Pili akacheka kidogo, kwa furaha aliyoingoja miaka. "Anasema ahsante, mama mkubwa, kwa kumfungulia njia."