Foleni ya Ukutani

Kila asubuhi Mama Vifungo hushona barazani kwake. Mbele yake kuna bomba la maji, na nyuma ya bomba kuna ukuta mrefu wa ghala. Watu hupanga foleni hapo na ndoo zao. Wanataniana, wanagombana kidogo, wanacheka.

Siku moja aliwaambia majirani, "Jamani, tuichore foleni yetu ukutani!"

Wazo likapendwa. Mwenye ghala, mzee asiyecheka ovyo, aliombwa ruhusa akakubali. Kila nyumba ikaleta rangi. Kufikia jioni ukuta ulikuwa unameremeta. Aliyechorwa mbele kabisa ni mama mkwe wa Mama Vifungo, maana hata bombani hapendi kutanguliwa.

Kisha mvua ikanyesha.

Asubuhi rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande.

"Mwanangu wee!" mama mkwe aliita. "Pua yangu imeangukia ndoo ya jirani!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenye ghala hakucheka.

"Mmenichafulia ukuta," alisema. "Jaribuni mara moja tu. Ikibanduka tena, napaka kijivu, na hamchori kitu hapa."

Mama Vifungo aliacha kushona. Akamwita wifi yake, ambaye ni fundi wa kupaka nyumba rangi.

Wifi alipitisha kiganja ukutani. Kikatoka cheupe pepepe.

"Unaona, wifi? Huu unapakwa chokaa kila mwaka, juu ya chokaa nyingine. Ninyi mmepaka rangi juu ya vumbi. Itashika nini?"

"Kumbe! Sasa tufanyeje?"

"Ukiletewa kitambaa kinachosinyaa, unakikata hapo hapo?"

"Thubutu! Nakilowesha kwanza, nakianika, ndipo nakata."

"Basi na ukuta ni hivyo hivyo. Tunakwangua chokaa kwa brashi ya waya. Mjifunge vitambaa puani, vumbi lake linaumiza kifua. Tunaosha, tunauacha ukauke kabisa. Halafu tunapaka rangi ya chini, ile ya kushikilia. Picha inakuja mwisho."

"Kazi yote hiyo!" mama mkwe alilalamika.

"Mama, pua unaitaka au huitaki?"

"Haya, nipe hiyo brashi."

Wakakwangua, wakaosha. Wenye haraka walitaka kupaka kesho yake. Wifi akawakatalia, "Nje pamekauka, ndani bado." Wakasubiri, ndipo wakapaka rangi ya chini. Mama Vifungo naye akakata karatasi kwa umbo la kila mtu, kama anavyokata za magauni. Akazibandika ukutani, akazizungushia chaki, na majirani wakajaza rangi. Safari hii hata ndoo zilikaa sawa.

Mvua ikarudi, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Asubuhi mwenye ghala alikuwa wa kwanza kufika. Watu wakatua ndoo. Mzee akasugua ukuta kwa kiganja, akakitazama. Safi. Akaisugua pua ya mama mkwe. Safi.

"Taratibu, hiyo ni pua ya mtu!" mama mkwe alisema.

Mzee akatembea taratibu mpaka mwisho wa foleni. Akasimama.

"Na mimi je? Mbona sijioni?"

Kicheko kikalipuka. Mama Vifungo akachukua chaki yake.

"Njoo usimame hapa, mzee wangu. Ila foleni ni foleni. Wewe ni wa mwisho."

Mzee akaenda kuazima ndoo.