Lori Lililovujia Anwea Tu

Boadu alikuwa jirani yetu pale Suame, Kumasi, na kama ulikuwa na gari kuukuu linalovuja, mtu wa kumwendea ni yeye. Gari likidondosha tone moja uani kwake, alilitazama kama mtu aliyetukanwa. Mafundi wenzake walimtania kwamba hata mbinguni ataingilia uvunguni.

Asubuhi moja ya harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, vumbi limetanda na midomo ya watu imepasuka kwa ukavu, mdogo wake Adomako aliingia uani na lori la bodi ya mbao alilolinunua kwa Mama Konadu, mjane muuza viazi vikuu. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mbele, maana mzigo wake bado ulipakiwa humo humo.

"Kaka, hili lori linakunywa oili kuliko mlevi wa mwisho wa mwezi," Adomako alisema akishuka. "Kila nikirudi kutoka Ejura, kijiti cha kupimia kinatoka kikavu."

"Halinywi, linatema. Hebu pisha, wewe unachojua ni kupiga honi tu."

Kutafuta mvujo kwenye injini chafu ni sawa na kutafuta aliyeanza ugomvi sokoni. Kila mmoja amechafuka. Kwa hiyo Boadu aliiosha injini kwa petroli na brashi mpaka chuma kikaonekana, akaiacha ikauke, kisha akainyunyizia poda ya watoto kila upande. Oili ikipita juu ya poda, huacha mfereji, nawe unaufuata mpaka kwenye chimbuko. Akawasha. Injini ikanguruma mpaka ikapata moto, na poda ikabaki nyeupe pe.

"Basi twende nalo njiani," alisema.

Walikwenda wakisimama, Mama Konadu bado ameketi mbele, Boadu akiingia uvunguni kuchungulia. Pakavu. Wakasonga mbele, wakasimama tena. Pakavu. Walipovuka daraja la kijito na kuanza kupanda kona ya Anwea, akamwambia Adomako asimame. Safari hii oili ilikuwa ikichuruzika kutoka nyuma ya injini, pale inapokutana na gia boksi. Boadu akacheka peke yake huko chini. Ilikuwa sili ya nyuma ya krenki, ile pete ya mpira inayozuia oili, imechoka; lori likipanda mlima, oili hukimbilia nyuma na kupata upenyo. Hakuna ajabu hapo.

Halafu akatazama lami. Matone yalikuwa yakianguka mbele ya macho yake, moja baada ya jingine. Lami ilikuwa kavu.

Alijiambia kuwa ni vumbi, linafyonza. Alipotoka uvunguni, Mama Konadu alikuwa ameinamia dirisha la lori, anaongea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, usilizibe. Marehemu mume wangu hakuliziba. Alikuwa akiongeza oili, anapita zake."

"Kwa nini, Mama?"

"Alisema njia hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana kiu."

"Mama, mimi mtu wa kanisa. Simwagii mizimu ya wazee hata pombe, sembuse oili ya gari!"

Mama Konadu alijirudisha ndani. Alifunga kioo.

Kesho yake Boadu aliteremsha gia boksi, akafungua flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, akaing'oa sili ya zamani. Ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya ngoma. Akaweka mpya, akaipaka oili kidogo kwenye mdomo wake, akaisukuma polepole mpaka ikakaa sawasawa. Lori lilikwenda Ejura na kurudi bila kupoteza tone. Boadu aliingiza kidole chini ya injini, akakitoa kikavu, akawaonyesha mafundi wote.

Adomako hakushangilia. Alikuwa amekandamiza leso puani, na leso ilikuwa nyekundu.

"Harmatani hiyo," Boadu alimwambia. "Nusu ya Suame wanatoka damu za pua. Paka mafuta."

"Imeanzia Anwea, kaka. Nilipomaliza mlima, ikakata."

Safari iliyofuata ikawa vile vile. Iliyofuata tena, Adomako alirudi amekuwa wa kijivu, suruali inamvuka. Mama yao alimpikia mboga ya kontomire kila siku, maana majani yale huongeza damu, lakini alichokiongeza mama jikoni kilipotea njiani. Boadu alimsihi apumzike. Adomako alikataa, msimu wa viazi vikuu ulikuwa umeshika moto, na lori lisilotembea ni kuni.

Boadu hakuamini maneno ya Mama Konadu. Hata hivyo aliogopa, na alimpenda mdogo wake kuliko alivyowahi kumwambia. Safari iliyofuata alishika usukani mwenyewe. Kama kitu kile kinataka dereva, basi kimchukue yeye. Alimwambia Adomako abaki nyumbani, lakini Adomako akapanda, akaketi kando yake.

"Lori langu hili, kaka. Endesha."

Walivuka daraja mchana, jua ni sahani nyeupe nyuma ya vumbi. Lori likaanza kupanda. Boadu alijigusa pua. Kavu. Akageuka.

Damu ilikuwa ikimchuruzika Adomako mpaka kidevuni, ikidondokea sakafuni. Lori lilikuwa limeinua kichwa, na kila kimiminika kilipaswa kurudi nyuma. Damu ile ilikwenda mbele. Ilipanda. Ilipita kando ya kiatu cha Boadu, ikaingia kwenye tundu la pedali.

Boadu alisimamisha lori. Akachukua spana, akaingia uvunguni, akafungua nati ya kumwagia oili. Oili ya moto ikamwunguza mkono. Hakuutoa.

"Kunywa!" alisema yule mtu wa kanisa. "Kunywa hii. Mwache mdogo wangu."

Oili ikamwagika yote. Ikatuama. Ikatengeneza dimbwi jeusi, tulivu, na lami haikunyonya hata tone.

Mbele kidogo, chini ya tundu la pedali, damu ilikuwa ikianguka. Tone. Tone. Pale lami ilikuwa kavu.

Boadu alikinga kiganja. Tone likaanguka humo, la moto. Akafumba macho, akahisi kitu kinaligusa kiganjani. Kilikuwa baridi, na hakikuwa na haraka. Alipofumbua macho, kiganja kilikuwa safi.

Kisha matone yakakoma.

Akatambaa nje, akapanda mbele. Adomako alikuwa ameegemea mlango, anatabasamu kidogo.

"Imekata, kaka," alinong'ona.

"Ndiyo. Imekata. Twende nyumbani."

Kichwa cha Adomako kilianguka kifuani. Boadu alimwita kwa jina, akamtikisa, akampiga mashavu, akalia kwa sauti barabarani kama mtoto.

Gari jingine liliwavuta mpaka Ejura, na daktari wa huko alimwambia Boadu kwamba mdogo wake ameishiwa damu. Aliuliza mara mbili imemwagika wapi, maana shatini palikuwa na doa dogo tu, na sakafu ya lori haikuwa na kitu. Boadu alitazama kiganja chake.

Ukipita Anwea leo utaliona dimbwi la oili kabla ya kilele. Mvua ngapi zimelipitia, harmatani ngapi, na bado liko bichi kama lilivyomwagwa, halina hata chembe ya vumbi. Madereva hulikwepa. Naye mwenye njia, tangu alipoonja damu, hajaligusa.