Vikombe vya Mezani kwa Xavery

Jumanne, saa tisa alasiri, Getanuwas. Judica alisukuma mlango wa ofisi ya afisa mifugo, akamkuta mjomba wake Xavery amelalia meza. Akamwita. Akamshika bega. Lilikuwa limeshapoa.

Jua halijazama, Judica mwenyewe alikuwa mahabusu.

Maana sumu ilikutwa kwenye kikombe cha maziwa, na maziwa hayo kila asubuhi analeta nani? Judica. Na Jumatatu watu waliwasikia wakigombana. Habari ikafika kwao Tlawi kabla ya mwili. Ukoo ukasema neno moja tu: mazishi ni Alhamisi, na huyo binti asitie udongo kwenye kaburi la mjomba aliyemlea.

Jumatano asubuhi Sajenti Perpetua akafika kutoka Katesh. Akasimama mbele ya ile meza. Aisee, meza gani ile! Hereni za ng'ombe, kamba, sindano, maganda ya karanga, magunzi ya mahindi, soksi moja. Na vikombe vichafu, vingi, kila kimoja kimekalia kitu.

Akaenda kwa Judica.

"Mligombania nini?"

"Meza, afande. Nilitaka kuosha vikombe, akanifukuza. Akasema, 'Ukipanga hii meza umenipoteza, mimi najua kila kitu kilipo.'"

"Na maziwa?"

"Nilimwachia kibuyu asubuhi, nikaenda shamba. Huwa anamimina mwenyewe." Akafuta macho kwa kiganja. "Afande, nifungeni baadaye. Kesho niacheni nimzike."

Perpetua akatoka. Alikuwa na jina lingine: Tluway, mfugaji aliyemtishia marehemu mbele za watu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kunifunga na mimi?"

"Ulimtishia Xavery."

"Nilimtishia, ndiyo! Ndama wangu wamekufa na ndigana, ugonjwa wa kupe, na dawa ya kupe nawaogesha kila wiki! Kupe wanaogelea tu humo, wanafurahi. Nikampelekea chupa ya dawa hiyo. Nikamwambia ukinyamaza, tutaonana. Akainusa, akasema Jumatano anaipeleka Katesh ikapimwe."

"Ulinunua wapi?"

"Kwa Lameck, hapo ubavuni mwa ofisi. Sisi tunamwita Bwana Chujio."

"Kwa nini?"

"Nenda ukanywe naye maziwa, utajua."

Perpetua akarudi mezani kwa Xavery. Akainua kamba, hereni, magunzi, kimoja kimoja. Chini kabisa, chupa ya Tluway ilikuwepo. Halafu akachungulia vikombe. Akamimina kidogo maziwa yaliyobaki kwenye kibuyu cha Judica, akatazama tena.

Duka la Lameck lilikuwa linang'aa, chupa zimepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Karibu afande! Pole na kazi. Yule mtoto amekiri?"

"Bado. Wewe jana ulionana na Xavery?"

"Hapana. Nilishinda hapa dukani."

"Basi tunywe. Mke wa Tluway amenipa maziwa."

Lameck akatoa vikombe, na mkono ukaenda wenyewe kwenye msumari, ukashusha chujio.

"Hayo masizi siwezi, afande. Wanasugua kibuyu ndani na kijinga cha moto, halafu unywe makaa? Wananicheka, lakini siwezi."

"Na wageni unawachujia?"

"Kila anayekunywa kwangu."

Perpetua akafungua mkoba. Akaweka vikombe juu ya kaunta.

"Hivi viwili ni vya siku za nyuma, vilikuwa havijaoshwa. Angalia chini."

Maziwa yaliyokauka, na vidoa vyeusi vya masizi.

"Hiki ndicho alichonywea sumu."

Cheupe. Hakina hata doa moja.

"Kibuyu ni kilekile, Lameck. Kilichobaki ndani kina masizi. Ofisini hakuna chujio, kwa Judica hakuna. Nimezunguka kijiji kizima nauliza, kila mtu ananionyesha huku."

"Chujio siyo ushahidi!"

Akaweka chupa. "Na hii?"

Lameck akaitazama. "Umeitoa wapi? Niliitafuta! Nilirudi mchana, nikamkuta ameshalala, nikapekua lile jalala lake la mezani lote..."

Alishasikia alichosema.

"Kumbe hukushinda hapa," Perpetua alisema taratibu. "Endelea."

"Alikuja mwenyewe asubuhi, na kibuyu na kikombe mkononi. Eti mimi ni rafiki yake, niende nikajisalimishe kabla hajaipeleka. Dawa yangu ilikuwa maji na rangi, afande. Wafugaji wangenimaliza kwa ajili ya ndama zao. Nikamwambia ngoja nikuchemshie maziwa. Nikachuja, nikatia sumu, akaondoka na kibuyu na kikombe chake. Akanishukuru."

"Na binti wa watu ulimwacha afungwe."

Lameck akanyoosha mikono. Pingu zikalia.

Alhamisi, Tlawi, ukungu ulikuwa chini, udongo umelowa. Perpetua alimshusha Judica kwenye gari la polisi, akaongea na mzee wa ukoo pembeni. Mzee akavua kofia. Watu wakapeana habari kwa minong'ono mpaka mwisho wa mstari wa waombolezaji.

Judica akasimama mbele yao, macho chini.

"Shikamooni."

Kimya. Shangazi zake, wazee, wote walewale waliomkataa. Akarudia, sauti ikakatika katikati.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu," mzee akaitikia, na nyuma yake sauti nyingine, na nyingine. Mstari ukafunguka.

Judica akapita, akapiga magoti ukingoni, akachota udongo kwa mikono miwili.