Kilomita Thelathini na Mama Mkwe

Mshale wa joto ulikuwa kwenye nyekundu kwa dakika nzima kabla mpira wa rejeta haujapasuka. Fundi cherehani, aliyeshika usukani, aliuona. Aliuona vizuri sana, akatazama mbele. Kisha pakalia pwaa! Mvuke ukafunika kioo, na lile gari ambalo majirani waliliita Ajuza likakohoa mara mbili na kusimama katikati ya jangwa tambarare, jeupe, lisilo na mti wala jiwe la kukalia.

"Tumefika?" aliuliza mama mkwe, akizinduka kwenye kiti cha mbele.

"Bado kidogo, mama."

Hicho kidogo kilikuwa kilomita thelathini.

Ukitaka kumtesa mwanaume mwenye adabu, usihangaike na kamba. Mpakie gari moja na mama mzaa mke wake, siku mbili mfululizo. Hapigi mluzi, hatafuni kwa sauti, hata miayo anaimeza. Lakini hawa wawili walikuwa wanamfuata mtu mmoja. Mke wa fundi, binti wa mama huyu, alikuwa mpima ardhi. Miezi kumi na moja alikuwa kambini upande wa pili wa jangwa, na leo saa kumi alasiri kambi ilikuwa inahamia milimani, kusikofika gari dogo, kwa mwaka mwingine mzima. Wamkute kabla ya saa kumi, au wangoje mwaka. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi, na simu hazikuwa na mtandao tangu jana.

Fundi alifungua boneti kwa haraka ya mtu mwenye aibu. Mvuke ukamlamba kiganja cha kushoto mpaka akaruka kama aliyekanyaga msumari.

"Lete huo mkono," mama mkwe alisema.

"Si kitu, mama."

"Sikuuliza kama ni kitu."

Akachana upindo wa mtandio wake, akamfunga. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika mkono tangu siku ya harusi.

Mpira ulikuwa umechanika urefu wa kidole. Fundi hakuwa makanika. Alikuwa mshonaji aliyejifunza Ajuza kwa kumfungua na kumfunga, na kila ugonjwa wa gari aliutibu kama nguo. Alikata tyubu kuukuu ya tairi vipande virefu, akavizungusha juu ya ufa, kipande juu ya kipande, kisha akatoa uzi wa kushonea magunia, akaupaka nta. Kwa mkono mmoja haikuwezekana. Mama mkwe akashika ncha ya uzi, akaweka mguu kwenye bampa, akavuta.

"Hili gari halitoi dalili kabla ya kuchemsha?" aliuliza huku akivuta.

"Linatoa, mama. Mshale unapanda."

"Na ukipanda, mtu anafanya nini?"

Fundi akajishughulisha na mkasi. "Anawasha hita. Joto la injini linaingia ndani kwa abiria, injini inapata nafuu."

"Hukuwasha."

"Ulikuwa umelala, mama. Ningekupulizaje moto usoni na jua hili?"

Mama mkwe akauvuta uzi kwa nguvu zaidi. "Kwa hiyo adabu yako ndiyo imepasua mpira."

"Ndiyo, mama."

"Basi kuanzia sasa hivi nivunjie heshima, tufike."

Dumu lilikuwa na lita kumi na mbili. Rejeta ikanywa saba bila kusema ahsante. Fundi akaacha kifuniko cha rejeta kimelegea kidogo, ili mvuke usipate nguvu ya kupasua kiraka, akawasha gari, akawasha hita mpaka mwisho. Upepo uliotoka ulikuwa wa tanuri. Wakashusha vioo vyote. Nje nako hakukuwa na rafiki. Walikwenda kilomita tatu, mshale ukapanda, wakazima. Nusu saa ya kungoja kivulini mwa gari. Kijiko cha maji kwa kila mmoja, kikombe kwa rejeta. Kilomita tatu tena.

Kituo cha kwanza kila mmoja alitazama upande wake wa dunia. Kituo cha nne mama mkwe akauliza, "Akicheka, bado anafunika mdomo?"

"Bado, mama."

"Nilimkataza tangu mdogo. Hasikii."

Fundi alichora mstari mchangani. "Ana shati lake moja la bluu. Kila Jumapili nalipiga pasi. Halivaliwi, lakini nalipiga."

"Mimi nampigia simu na najua haipatikani. Yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia nijaribu tena baadaye. Namsikiliza mpaka amalize."

Hawakutazamana. Kungekuwa na maji ya kutosha, mmoja wao angelia.

Kituo cha nane kiraka kilikuwa kinadondosha tone, tone, na dumu lilibaki na vikombe viwili.

"Kunywa, mama. Midomo imepasuka."

"Mpe Ajuza."

Fundi alishtuka. Jina hilo hakuwahi kulitamka mbele yake.

"Majirani zako wana sauti kubwa," mama akasema. "Mpe."

Ajuza akanywa, akatambaa kilomita mbili, akazima mwenyewe. Safari hii ufunguo ulizungushwa mpaka betri ikachoka. Kambi ilionekana mbali, vidoa vyeupe vikicheza kwenye joto. Kilomita nne. Saa nane na nusu. Mama mkwe alikuwa ameacha kutoka jasho, na maneno yake yalianza kuburuza miguu.

"Nenda wewe," alisema. "Kamwone. Halafu mnifuate."

Fundi alipima kwa macho. Saa moja ya kutembea, labda zaidi. Angefika. Kila mfupa wake ulikuwa umeshaanza kwenda.

"Nikifika nikamwambia nimemwacha mama yake jangwani," alisema, "hapo ndipo atakuwa ananiona kwa mara ya mwisho."

Akakaa. Akavua shati, akalifunga kwenye mlango lizidishe kivuli, akachukua zulia la miguuni, akaanza kumpepea kwa mkono uliofungwa kitambaa. Hakutazama tena upande wa kambi. Alipepea mpaka hakujua anapepea nani.

Kwa hiyo mngurumo aliusikia kabla ya kuliona vumbi.

Pikapu ya kambi ilisimama, na aliyeruka kabla haijatulia alikuwa mpima ardhi mwenyewe, dumu la maji begani. "Tangu saa sita nawaona kwenye darubini ya kazini," alisema akihema, akimnywesha mama yake kidogo kidogo. "Gari linakwenda, linasimama. Linakwenda, linasimama. Nikasema, anayeendesha namna hiyo kwa hiari namjua mmoja tu. Pikapu ndiyo imerudi sasa hivi!"

Fundi alitaka kusema mengi. Macho ya mshonaji yakatangulia: kiuno kimepungua inchi mbili, mabega yamepanuka. "Umekonda," ndilo lililotoka.

Mpima ardhi akacheka, mdomo kaufunika kwa mkono.

Dereva wa pikapu akaiangalia saa yake. "Wenzetu wanaondoka saa kumi. Mimi siwaachi hapa na gari bovu. Nitawajazia maji, nitawasaidia betri, likipoa likiwaka, mama yenu na shemeji warudi taratibu na madumu mawili, sisi twende. Limepoa?"

Mama mkwe alijiinua, akashikilia bampa, akaweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa imeshapoa kama sahani ya kabatini.

"Uuuh!" akautoa mkono upesi, akaupuliza. "Bado kabisa."

Dereva alimtazama mama, akawatazama wale wawili waliokaa upande wa pili wa gari, magoti yamegusana. Akazima injini yake, akavua viatu.