Ivalu na Chupa ya Dang'a

Kila asubuhi, kabla ya kunywa uji, Ivalu alisimama kwanza dirishani. Aliutazama mkono wa bahari uliopita mbele ya nyumba ya mjomba wake, maji yakiwa yametulia kama ya beseni, na vilima vya barafu vikielea juu yake polepole, vingine vyeupe, vingine vya buluu iliyokolea. Barafu aliizoea tangu utotoni, kwani hata kwao mjini Nuuk ilikuwepo. Lakini hapa ilipita karibu mno, tena kimya, na mara nyingi Ivalu alijiona amekaa juu ya kilima kimojawapo, anachukuliwa taratibu mpaka mahali asipopajua.

"Ivalu! Umelala wima tena?" Salik alimwita kutoka mlangoni, viatu vya mpira tayari miguuni. "Kondoo hawangoji ndoto zako ziishe!"

Salik alikuwa mtoto wa Mjomba Enok. Umri wake ulikuwa miaka kumi, mdogo wa Ivalu kwa miaka miwili, lakini bandani alitembea kama mzee mwenye mali yake. Ivalu alikuja kukaa nao kwa sababu mama yake alikuwa Denmark kwa masomo. Mwezi wa Mei ulikuwa umeingia, theluji imebaki vilimani tu, na kondoo ndio kwanza walikuwa wameanza kuzaa. Shule ndogo ya pale kijijini ilikuwa imefungwa ili watoto wasaidie majumbani.

Bandani mlikuwa na joto la pumzi na harufu ya nyasi kavu. Mwanga uliingia kwenye nyufa za mbao, na vumbi la nyasi lilielea ndani yake kama chembe za dhahabu. Ivalu alipenda kusimama hapo na kusikiliza kondoo wakitafuna. Ilikuwa kama kusikiliza mvua inayonyesha mbali.

Mjomba Enok hakuwa msemaji, ila alipofika kwa kondoo wake ulimi ulifunguka. "Huyu ni jike aliyekwisha kuzaa mara nyingi, humsumbui wala hakusumbui," alisema akimpapasa mmoja mgongoni. "Yule mwembamba ni mfarika, hii ndiyo mimba yake ya kwanza, kwa hiyo ana woga. Kule peke yake ni dume. Usimpe mgongo hata siku moja! Na huyu mnene mpole tulimhasi akiwa mdogo. Hazalishi, lakini ndiye anayewaongoza wenzake mlimani."

Maneno yalimpita Ivalu kama vile vilima vya barafu. Aliyaona yakija, yakametameta, kisha yakaenda zake. Na kuuliza hakutaka. Wiki yake ya kwanza alikuwa amemwonyesha dume kwa kidole akasema, "Baba kondoo ana hasira leo." Salik alicheka mpaka akaanguka kwenye nyasi. Jumapili yake, wageni walipokuja kunywa kahawa na kula keki katika siku ya kuzaliwa ya Bibi Bolette, mama yake Mjomba Enok, Salik akasimulia tena mbele ya wote.

"Baba kondoo! Kesho atauliza kama amefunga ndoa kanisani!"

Watu wazima walicheka. Hawakuwa na ubaya, lakini masikio ya Ivalu yaliwaka moto. Tangu siku hiyo, kila alipoelezwa jambo alikuwa na jibu moja tu, "Najua." Hata alipokuwa hajui kitu, alisema anajua.

Asubuhi moja mfarika akazaa mapacha. Wa kwanza aliinuka mara moja akaenda kunyonya. Wa pili alitoka mdogo, miguu kama njiti, na kila alipomsogelea mama yake alisukumwa kwa kichwa. Mjomba Enok alipiga magoti akamkagua mfarika.

"Chuchu yake moja imeziba," alisema. "Maziwa yake yanamtosha mmoja tu." Akamwinua yule mdogo, akamkabidhi Ivalu. "Mimi na Salik tunakwenda kutengeneza ua wa juu, upepo umeuangusha. Bibi yako goti linamuuma, mwache apumzike. Wewe kamlishe huyu. Kwenye friji nimeweka dang'a niliyoikamua jana kwa yule jike mkongwe aliyefiwa na mwanawe. Ipashe moto kidogo, umpe sasa hivi, na umpe tena mchana. Unaijua dang'a, siyo?"

Salik alikuwa pale mlangoni, tabasamu limeshaanza kuchanua usoni.

"Naijua," alisema Ivalu.

Jikoni alifungua friji. Palikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa na maziwa meupe, mepesi, ya kawaida. Nyingine ilikuwa na kitu cha njano, kizito, kinachoshikamana na kioo cha chupa. Ivalu alikinusa, akakunja uso. Haya yameharibika, aliwaza, na hakuna aliyeona. Akaimwaga ile ya njano kwenye sinki, akaisuuza chupa vizuri ili kuwasaidia. Kisha akapasha moto maziwa meupe, akarudi bandani, akakaa kwenye nyasi na mwanakondoo mapajani.

Mwanakondoo alinyonya kidogo, akalala. Sufu yake ilikuwa bado ina mawimbi ya unyevu. Ivalu aliimba polepole, bila maneno, na kwa muda akaona dunia nzima ni ile nuru ya nyufa na uzito mdogo wa yule mnyama juu ya magoti yake. Mchana alimpa tena maziwa meupe. Safari hii hakunyonya. Maziwa yalimtiririka kidevuni.

Mjomba Enok na Salik waliporudi jioni, jua bado likiwa juu ya milima, mwanakondoo alikuwa amelala ubavu, shingo imelegea. Enok alimtia kidole kinywani.

"Baridi," alisema. "Alipata dang'a?"

"Alipata."

"Yote?"

Ivalu aliitikia kwa kichwa.

Enok aliwatazama wanakondoo wengine waliokuwa wakirukaruka kando ya mama zao. "Basi si njaa hii," alisema kwa sauti ya chini. "Amepata dang'a na bado anazimika. Huu ni ugonjwa. Mwaka juzi ulianza hivihivi, tukazika karibu nusu ya banda. Salik, niletee gunia. Tumtoe kabla hajawaambukiza wenzake."

Salik hakufanya mzaha wowote. Alikwenda akiwa ameinamisha kichwa.

Ivalu alitoka nje. Nje kulikuwa kuzuri ajabu, kama vile hakuna baya linaloweza kutokea duniani. Kilima kikubwa cha barafu kilikuwa kikipita, na juu yake ndege weupe wametua. Alitamani sana kuwa pale juu na kwenda zake, asiulizwe neno na mtu. Lakini nyuma yake, ndani ya banda, alisikia mlio mwembamba, mdogo kuliko wa paka. Mwanakondoo alikuwa akiita. Hakujua kwamba gunia linakuja.

Ivalu aligeuka akakimbia ndani.

"Mjomba, usimtoe! Haumwi. Sikumpa."

"Hukumpa nini?"

"Dang'a. Mimi sijui dang'a ni nini." Machozi yalikuwa yakimdondoka sasa. "Nilimpa maziwa meupe. Yale ya njano nilidhani yameoza, nikayamwaga. Nikasema najua, na sijui. Sijui hata mfarika ni nini."

Salik alikuwa ameshafika na gunia, amesikia yote, amesimama mdomo wazi. Enok alilichukua gunia lile mkononi mwake, akalitazama, akalitundika ukutani.

"Mengine tutazungumza baadaye," alisema. "Sasa tutafute dang'a. Majike waliozaa juzi wameshaimaliza, yule mkongwe nilimkamua yote, na hawa wengine bado hawajazaa. Salik, kimbia kwa Bibi. Mwambie ampigie simu Karoline, yule mfugaji wa ng'ambo ya maji."

Baada ya muda mfupi Salik alirudi anahema. Jike mmoja wa Karoline alikuwa amezaa mchana huohuo, mwana mmoja tu, na maziwa tele.

Wakaingia kwenye boti. Ivalu alimweka mwanakondoo ndani ya koti lake, juu ya sweta. Salik alivua kofia yake ya sufu, akamfunika nayo. Enok aliendesha polepole, akipinda huku na huku katikati ya vipande vya barafu. Vilipogusana vililia kama glasi. Maji yalikuwa ya rangi ya fedha, na mbingu nayo, hata Ivalu hakuweza kusema boti inapita majini au angani. Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho. Kifuani pake moyo mdogo ulikuwa ukipiga, unasita, unapiga tena.

"Mjomba," alisema. "Dang'a ni nini?"

Enok hakugeuka, lakini alijibu kwa upole. "Ni maziwa ya kwanza kabisa ya mama aliyetoka kuzaa. Mazito, ya njano. Mwanakondoo huzaliwa hana kinga hata chembe. Kinga yake yote imo humo, na nguvu ya kuhimili baridi. Asipoipata siku ile ya kwanza, hata umpe ndoo nzima ya maziwa meupe, haitamsaidia."

"Na akiipata jioni?"

"Tutaona."

Karoline, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlimani, aliwangoja ufukweni. "Enok! Umeniletea mgeni au kitoweo?" aliuliza, kisha alipouona uso wa Ivalu akapunguza sauti. "Haya mwanangu, njoo. Kwanza tumtie joto. Mwenye baridi hivi hawezi kumeza."

Walimlaza juu ya taulo kando ya jiko, wakamsugua mpaka masikio yake yakaanza kupata uvuguvugu. Kisha Ivalu akashika kichwa cha yule jike wakati Karoline akimkamua. Dang'a ilitoka nzito, ya njano kama kiini cha yai. Ivalu aliitazama kwa makini mpaka akawa na hakika kwamba hatakosea tena.

"Mtie tone moja kwanza," Karoline alielekeza. "Ngoja ameze. Usiwe na haraka, utampalia."

Tone la kwanza lilipotea. La pili nalo. Kwenye la tatu ulimi ulisogea. Ivalu aliendelea, tone baada ya tone, mkono ukimuuma, mpaka ghafla mwanakondoo akaikamata chuchu ya chupa, akavuta kwa nguvu, na mkia wake mdogo ukaanza kutikisika.

"Anatikisa mkia!" Salik alipiga kelele. "Baba, anatikisa mkia!"

Karoline alicheka, akawamiminia watoto chai na kuwakatia samaki mkavu. Walipoondoka aliwapa chupa ya pili iliyojaa.

Nyumbani Bibi Bolette alikuwa amewapashia supu ya nyama ya sili wa baharini. Walikula, mwanakondoo ndani ya boksi chini ya meza. Ivalu alingoja agombezwe. Hatimaye Salik ndiye aliyesema, akilitazama bakuli lake.

"Mimi ndiye niliyemcheka. Angeuliza ningemcheka tena."

"Wewe?" Bibi Bolette aliweka kijiko mezani. "Wewe uliyedhani Mfarika ni jina la kondoo mmoja? Mwaka mzima ulitembea bandani unaita, 'Mfarika, njoo! Mfarika, njoo!' na hatukukuambia, maana tulikuwa tunafurahi sana."

Salik aliiva uso kwa aibu. Ivalu akacheka, kisha wote wakacheka, hata Mjomba Enok, ambaye alicheka kwa mabega tu.

Asubuhi, Ivalu aliposhuka jikoni, boksi lilikuwa tupu. Halafu akasikia kwato zikigonga sakafu ya mbao, na mwanakondoo akatokea nyuma ya jiko, anayumba, ana njaa, analia kwa hasira. Mjomba Enok alikuwa amekaa pale na kikombe chake cha kahawa, akimtazama.

"Kaa, Ivalu," alisema. "Jana ulikosa mara mbili. Kosa la kwanza silihesabu sana. Neno hukulijua, basi. Hakuna aliyezaliwa akijua maneno ya banda. Mimi mwenyewe nilifundishwa kila moja. Kosa lililotaka kumuua huyu ni pale uliposema unajua, halafu ukasema umempa. Kwa sababu ya maneno yako nilikuwa nimeshaagiza gunia, na nilikuwa na hakika natenda haki." Akanywa kahawa. "Lakini ulirudi ukasema kweli mbele yangu na mbele ya Salik, ukijua atakucheka. Hilo ndilo lililomponya. Dang'a ilikuja baadaye."

Ivalu alikuwa amempakata mwanakondoo, ambaye tayari alikuwa akimnyonya kidole.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu," Mjomba Enok aliendelea. "Anayeuliza huchekwa kidogo, kisha anajua. Anayejifanya anajua hachekwi na mtu, na siku moja kiumbe kingine ndicho kinacholipa. Kuanzia leo huyu ni wako kumtunza mpaka apande mlimani na wenzake. Na kila jambo usilolijua, uniulize mimi, hata kama ni mara mia. Sasa mpe chakula chake, kabla hajakula kidole."