Nilikiosha Kidonda, Daktari Akakosa cha Kuona

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita na ninashona nguo hapa mtaani Umoja. Ushonaji nilijifunza mwenyewe kwenye simu. Mshono ukipinda kidogo tu, naufumua wote. Tabia hiyo ya kutaka kila kitu kiwe nadhifu nusura inipotezee mguu...

Nikiwa kwetu Kitui, mwiba ulinichoma unyayo. Nikaung'oa, nikasahau. Baadaye mguu ukavimba bila kuuma, ukawa mgumu kama ubao. Kisha vishimo vikafunguka, vikatoa usaha wenye punje za manjano, kama chenga za mahindi!

Kwetu tulifunzwa kwamba hospitalini huendi mchafu. Kwa hivyo kabla ya kila kliniki nilisugua mguu kwa brashi, nikachokoa punje zote kwa sindano, nikafunga bandeji nyeupe. Daktari akaniandikia dawa ya kuvu. Haikusaidia. Akaanza kuhofia saratani, akataja kuukata mguu. Nami ningemwambiaje mtu kwamba mwili wangu unatoa mchanga?

Mume wangu, Mutua, alizoea kunipiga. Alama nilizifunika kwa poda kabla ya kwenda kanisani. Jumamosi moja alirudi kutoka kazini Industrial Area na buti zake za kazi, akanitupa sakafuni.

"Unaoza ukiwa hai! Mpango wako wa kando, huyo hawara wako, ndiye amekuroga, sindio?"

Akaukanyaga ule mguu. Akaukanyaga tena... nikasikia ngozi ikipasuka!

Jirani yangu, Mama Akinyi, aliingia na mwiko wa ugali, akamtandika nao usoni.

"Nikanyage mimi basi, dume wewe!"

Mutua akatoka akishika pua. Nikamsihi Mama Akinyi anipe maji ninawe kwanza.

"Unawe nini, dada? Kwani unaenda harusi?" Akaufunga mguu kwa leso, akaniburuta hadi kwenye bodaboda.

Daktari yuleyule alifungua leso iliyolowa, akainama kuziangalia punje.

"Hizi punje zimekuwepo siku zote?"

"Huwa naziosha, daktari."

"Mama... hizi ndizo nilizohitaji kuona!"

Ndani ya punje hizo maabara ilipata bakteria adimu waliojenga makao ndani ya nyama. Si saratani, si uchawi. Mfupa ulikuwa umeliwa, nikapoteza vidole viwili vya mguu. Dawa za miezi mingi zikaokoa sehemu iliyobaki.

Mutua alikuja kuomba msamaha. Sikumfungulia.

Dada zangu, ndugu zangu, nawasihi! Mpelekeeni daktari kidonda kilivyo, na usaha wake na aibu yake. Na wewe unayejipaka poda Jumapili asubuhi... tafadhali, leo usijipake.