Jina Lililochapwa kwa Oda

Ukurasa wa kumi na moja ulitoka kwenye mashine ukiwa na maji. Si wote. Mstari mmoja tu, katikati, pale jina lilipokuwa. Njogu aliupangusa kwa kiganja, akanusa mkono wake, akasema, "Hii wino leo inanuka boma la ng'ombe." Akaendelea kuchapa.

Ilikuwa Agosti ya 2003, Kitengela, na tone la mvua halikuwa limeonekana tangu Mei.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Msomaji anisamehe, mbele ataona sababu. Tutamwita yule kijana.

Kitabu kilikuwa cha Morgan Okoth, karani wa ofisi ya mifugo Kajiado, mtu wa kwaya, aliyepanga vyumba viwili Kitengela pamoja na mkewe Adero. Alikuwa ameandika habari za mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba, na za kijana mmoja Mmaasai aliyefanya naye kazi ya kuchanja ng'ombe, ambaye mto ulimchukua akirudi na sanduku la dawa kichwani. Wachapishaji wawili wa Nairobi walimrudishia mswada. Wa tatu hakujibu. Kiwanda kimoja cha kupiga chapa kilikubali, lakini kwa sharti kwamba achukue nakala elfu moja. Ndipo akaja kwa Njogu, mchapaji wa karatasi za mitihani na ratiba za mazishi.

"Elfu moja utaweka wapi, mzee? Utazilalia?" Njogu alimwambia. "Mimi naweka kitabu yako ndani ya kompyuta. Mtu akitaka moja, nachapa moja. Akitaka tano, tano. Hakuna kitu inakaa kwa stoo ikiliwa na panya."

"Na jina langu litakuwa juu?"

"Kubwa kama la daktari wa meno kwa kibao."

Okoth alicheka mpaka akafuta macho. Baadaye alisimama mbele ya kanisa akakiri kwamba furaha ile ilikuwa ya kiburi. Akakiri na jambo zito zaidi: kwa miaka mitano pale ofisini hakuwahi kusikia Mmaasai hata mmoja akilitaja jina la yule kijana. Walisema tu "yule wa mto". Aliona, akajua kuna sababu, na hakuuliza, kwa maana angeuliza angeambiwa asiandike. Kwao Wajaluo marehemu huitwa. Hata huja ndotoni kuomba mtoto apewe jina lake, asipotee. Basi akaona anamheshimu rafiki yake, na jina lile akaliandika mara sitini na moja.

Adero alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa ameshazika watoto wawili, wote kabla hawajapewa majina.

Oda zilikuja moja moja. Leo mbili, kesho kutwa moja, wiki ijayo tatu. Na kila siku ya oda, mchana jua likiwa utosini, Adero alisikia sauti ya mwanamume mlangoni ikisalimu kwa Kimaasai: "Sopa!"

Alijibu "Epa," kama walivyomfundisha akina mama wa maziwa, akaenda kufungua. Hakukuwa na mtu. Saruji ya kizingiti ilikuwa na maji, na harufu ya matope na ngozi mbichi iliingia ndani ikakaa. Mara ya tano hakufungua, ila alijibu, kwa sababu ni vibaya kuacha salamu ya mtu chini. Siku iliyofuata salamu ilitoka ndani ya chumba, karibu na jiko. Akajibu tena.

"Mbona hukuniambia?" Okoth aliuliza alipokuja kusikia.

"Ningekuambia nini? Kwamba nasalimiwa?"

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Tangu mwezi ule sauti ya Adero ilikuwa haipandi wala haishuki.

Mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni. Siku nne hakusogea. Nesi aliweka sikio, akasema moyo upo, mama apumzike. Siku ya tano Adero alimpelekea mumewe chakula kwa Njogu, ambako alikuwa akisoma nakala kabla hazijabandikwa jalada. Mashine ilikuwa imezimwa. Njogu aliiwasha. Adero akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Anacheza?" Okoth akauliza kwa kunong'ona.

"Anacheza."

Karatasi ziliisha, mashine ikanyamaza. Mtoto akatulia tuli, kama jiwe ndani ya mfuko.

"Washa tena," Adero alisema.

Njogu aliwasha. Mtoto akaruka, hata gauni likaonekana kusogea. Akazima. Kimya. Njogu, mtu wa mizaha, alichomoa waya ukutani akasimama ameushika.

"Nimemwota mara tatu," Adero alisema, akitazama rundo la karatasi. "Amelowa. Ananiambia mtoto ni yeye, nisimpe mwingine nafasi. Nilimkatalia."

Jumatano, siku ya soko, Okoth alimtafuta Parmuat, kaka mkubwa wa yule kijana, aliyeuza mbuzi Kajiado. Alimpa kitabu. Parmuat alisoma nusu ukurasa, akakifunga, akakiweka chini ya kiatu.

"Nilitaka asisahaulike," Okoth alisema.

"Nani alikwambia tumemsahau? Sisi tulinyamaza ndio aende. Hata mtoto wa shangazi mwenye alikuwa na jina hiyo, tulimbadilishia. Miaka mitano tumefunga mdomo, anaenda, anaenda, amefika mbali. Halafu wewe unamwita."

"Sikujua, ndugu yangu."

"Ulijua. Ulifanya kazi na sisi." Parmuat hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Angalau ungechapa yote siku moja, angekuja mara moja tu, tukampeleka. Lakini unamwita leo, unanyamaza. Unamwita kesho, unanyamaza. Hata mbwa ukimfanyia hivyo, mwishowe atalala kwa mlango yako."

"Tuombe. Wewe pia umeokoka."

"Nimeokoka. Tutaomba. Lakini huwezi kuomba mtu aende na huku unamwita. Leta zote, Okoth, kabla mtoto azaliwe. Hata ile ya kompyuta itoke. Mdomo wa mwisho ukinyamaza, ataenda."

Njogu alikifuta kitabu ndani ya kompyuta siku hiyo hiyo. Nakala zilizokuwa zimetoka zilikuwa arobaini na tatu. Okoth alizifuata mlango kwa mlango, Kitengela, Isinya, Kajiado, mpaka Kware kwa mjomba wa Njogu, mzee Gakuru, aliyekataa kuachilia yake.

"Mwandishi gani anapokonya wasomaji kitabu?" Gakuru alisema. "Kwani umenitukana ukurasa gani? Niache nitafute!"

Lakini alimtazama uso, akakitoa.

Kufikia mwisho wa Septemba alikuwa amepata arobaini na mbili. Parmuat alizichoma zote kwenye korongo, na walipoomba, harufu ile ya matope ilipungua nyumbani, na mtoto akacheza mara moja, kidogo, mwenyewe, bila mashine. Adero akalia kwa mara ya kwanza. Ilibaki nakala moja. Ilinunuliwa na Keziah, mwalimu wa darasa la watu wazima kule Bisil.

Asubuhi ambayo Okoth alikuwa aende Bisil, uchungu ulimshika Adero, wiki kadhaa kabla ya wakati. Alimfikisha hospitali ya Kajiado, akaketi kando ya kitanda.

"Nenda," Adero akamwambia. "Hapa huna kazi. Kazi yako iko Bisil."

Akaenda. Gari lilimshusha saa tisa kasoro, sokoni ng'ombe wakilia, na alipouliza darasa la Keziah alionyeshwa kanisa la mabati nyuma ya maduka, akaanza kutembea, halafu akaanza kukimbia, kwa maana kabla hajauona mlango alikuwa ameshasikia sauti za watu wazima thelathini, wachuuzi wa nguo na walinzi wa maduka, wageni wa pale karibu wote, wakisoma pamoja polepole kama watoto, na kila sentensi ilianza kwa jina lile, jina lile aliamka, jina lile alifunga sanduku, jina lile aliutazama mto, na kila walipolitaja, nje pale juani, juu ya vumbi kavu mbele ya mlango, palitokea unyayo mmoja wa maji, kisha mwingine, ukielekea barabarani, upande wa Kajiado.

"Nyamazeni!" Okoth alipiga kelele.

Keziah aligeuka, akafurahi. "Huyu ndiye mwenyewe! Watu wangu, simameni, mwandishi amekuja!" Mikononi mwa kila mtu kulikuwa na karatasi. "Kitabu ni kimoja, nikasema heri nitoe kopi ya ukurasa wa kwanza, maneno yake ni mafupi. Tunarudia tangu saa nane, mpaka iingie."

Wakampigia makofi. Alisimama akapigiwa makofi, na alichowaza ni kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyatamani maisha yake yote.

Alirudi Kajiado jua likishuka. Adero alikuwa ameegemea mto wa kitanda, mtoto wa kiume kifuani, mzima.

"Alitoka hapumui," Adero alisema. "Nesi alimpiga, akampiga. Nikaita jina la babangu. Nikaita nyanyako. Nikaita wote ninaowajua. Saa tisa hivi nikamwita yeye. Akapumua."

"Ulimwita?"

"Ulitaka nifanye nini, Morgan? Nizike wa tatu?"

Okoth alivuta shuka akamfunika mtoto miguu. Swali hilo mimi ninayesimulia ninaliombea mpaka leo.

Parmuat alikuja siku ya tatu. Aliishia mlangoni. "Sasa hata kumwombea aende hatuwezi," alisema. "Akienda, mtoto atabaki na pumzi ya nani?"

Karatasi za Bisil zilikusanywa zikachomwa, zote thelathini, pamoja na kitabu cha Keziah. Haikusaidia kitu. Jina lile sasa liko kwenye cheti cha mtoto, na mamake hulitaja asubuhi na jioni, akimwita aoge, akimwita ale.

Sasa ni mwaka wa 2009, mtoto ana miaka sita, mtulivu, mwenye adabu. Okoth hajawahi kumwita kwa jina. Jioni akitoka kazini hufungua mlango na kusema, "Wewe, ingia." Mtoto huja mpaka kizingitini, na kabla ya kuingia husogea kando, hutazama juu, hungoja kidogo, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyompisha mkubwa wake atangulie.